Ombi la Kurudishiwa Stelingi Boksi Inayovuja

Phelista Nabwile,
Kibomet, Kitale.

Kwa Shemeji Festus Khisa,
Gereji iliyo nyuma ya soko,
Bungoma.

Shemeji ninayekuheshimu,

MINT: KUTURUDISHIA STELINGI BOKSI INAYOVUJA

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na mikono umenawa. Nakuandikia kwa heshima zote anazostahili ndugu mdogo wa mume wangu. Nakushtaki kwako wewe mwenyewe, maana sijaona ofisi inayoshughulikia wema uliofanywa bila kuombwa.

Unamkumbuka Kukhu, lile gari kuukuu la rangi ya maziwa tuliloachiwa na marehemu baba mkwe, ambalo sote tunaliita nyanya kwa sababu ya umri wake. Pasaka ulikuja, ukainama chini yake, ukaona oili nyekundu inadondoka, ukapiga kelele: "Shemeji, hii stelingi boksi imekwisha! Mtakufa, bana!" Kabla chai haijachemka ulikuwa umeng'oa boksi ya zamani ya usukani na kufunga nyingine, umeinua magurudumu ya mbele kwa jeki, unazungusha usukani huku na huku ili hewa itoke kwenye oili. Nilikuchinjia hata kuku. Leo ningeweza, ningemrudisha yule kuku bandani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hukuniuliza. Uliona gari linavuja, hukuona ndoa inapona. Tangu kaka yako Absalom astaafu kazi ya afisa wa kilimo alikuwa haongei. Asubuhi "mm", jioni "mm". Kisha oili ikaanza kuisha na usukani ukawa mzito kama kumgeuza ng'ombe aliyelala. Bega lake unalijua ni bovu. Siku moja tukikata kona ya kwenda Chwele akasema, "Mama Ian, hebu shika hapa unisaidie." Nikashika, tukavuta pamoja. Shemeji, huwezi kuvuta usukani mmoja na mtu halafu usiongee naye. "Kulia kidogo." "Bado." "Sasa achilia." Kutoka hapo tukaingia mambo ya watoto, tukaingia ya mahindi, mpaka akaniuliza kama kweli napenda kuishi Kitale. Hilo hakuwahi kuniuliza.

2. Utasema ilikuwa hatari. Sikatai. Tukienda matanga Kabuchai, kona moja ilikataa kabisa na Kukhu akaingia katika shamba la miwa. Absalom alinishika mkono. "Umeumia?" Nikamwambia sijaumia. Akautazama muwa uliopenya dirishani hadi karibu na pua yake, akaanza kucheka. Mimi nami nikacheka. Mwenye shamba alikuja na panga akatukuta tunafuta machozi, akadhani sisi ndio wafiwa, akatupa pole na kutusukuma mpaka barabarani. Tangu harusi yetu sikuwa nimemsikia Absalom akicheka hivyo. Sasa niambie, fundi mwenye akili hurekebisha kitu kama hicho?

3. Siku hizi anageuza usukani kwa kidole kimoja. Kiti changu cha mbele amempa jirani yetu Mzee Kipkosgei, yule dereva mstaafu, na mimi nimewekwa nyuma pamoja na kabichi. Wananong'ona njia nzima. Nikisogeza sikio, wananyamaza.

4. Zamani nilijua mume wangu aliko. Nilifuata matone ya oili mpaka buchari, au mpaka kwa kinyozi, nikamkuta. Sasa barabara ni kavu. Mume asiyevuja hafuatiliki.

5. Jambo hili limepita nyumba yetu. Trans-Nzoia nzima imejaa wastaafu wenye usukani mwepesi, na wake zao wamekaa nyuma na kabichi. Napendekeza kaunti ipige marufuku kufunga stelingi boksi mpya kwenye gari la mume yeyote mpaka mke wake atie sahihi mbele ya mchungaji.

Kwa hivyo naomba uturudishie ile boksi ya zamani. Kama umeshaiuza kwa watu wa vyuma chakavu, basi njoo uitoboe hii mpya mahali padogo, kama tundu la sindano. Sina tamaa.

Msalimie mke wako Nakhungu, watoto, na mafundi wote hapo gereji, hata yule aliyekushikia jeki.

Ni mimi shemeji yako, kwa uchungu na heshima,

Phelista Nabwile (Mama Ian)

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Absalom ameniita nje. Nimemkuta amekaa kiti cha abiria, mlango wa dereva uko wazi. "Ingia huko," akasema. "Usukani sasa ni mwepesi, hata wewe utauweza." Kumbe ni yeye aliyekuita uje Pasaka! Na kumbe Mzee Kipkosgei aliwahi kufundisha udereva, na walichokuwa wakinong'ona ni namna mtu anavyomfundisha mke wake bila kumgombeza. Shemeji, nimezunguka uwanja wa mpira mpaka mbuzi wakahama. Amenigombeza mara moja tu, nilipolielekea goli. Tafadhali usije na spana wala sindano. Nikipata leseni nitakuja Bungoma mwenyewe kukusalimia. Siku hiyo ufungue geti lote, uondoe na magari ya watu, maana kurudi nyuma bado hajanifundisha.