Nilivyomkaribisha Askofu Kanisani Kwake

Leo nimejiaibisha, na si kidogo. Nawaambia mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani, maana majirani wa Kawangware wataongeza chumvi, na hii haihitaji chumvi.

Mnajua tulikuwa Nakuru kumzika Wekesa, yule seremala wa Laini Saba, Kibera. Rafiki yangu tangu tukiwa vijana tukilala chumba kimoja kule Lindi, Kibera hiyo hiyo, kabla sijapata ploti yangu ya kupangisha. Mtoto wake ni padri huko, kwa hivyo misa ilikuwa kanisa kuu, na askofu mwenyewe ndiye wa kuongoza. Jana Mama Nanjala, mjane wake, alinipigia simu.

"Baba Njoki, wewe ndiye utaongea kwa niaba ya Nairobi. Shemeji zangu wanasema mume wangu alipotelea Kibera, hakuna cha maana alifanya. Waambie ukweli. Tafadhali usituangushe."

"Mama," nikamwambia, "mimi niangushe mtu?"

(Msicheke bado.)

Asubuhi nikavaa suti ya kijivu, kofia, fimbo mkononi. Basi la mazishi likafika mapema. Na kanisa lenyewe! Mawe mpaka juu, vioo vya rangi. Ungeweka ploti yangu yote mle ndani bila kuwaamsha wapangaji. Mlangoni mama mmoja mwenye mshipi wa kijani begani akaniuliza, "Mzee, wewe ni wa familia?"

"Mimi ni zaidi ya familia. Na nitaongea."

"Haya, basi kaa mbele."

Sasa sikilizeni. Kwetu, kanisa letu la mabati, mbele ni mbele. Ukichangia mabati unawekewa kiti chako kikubwa pale juu, karibu na mhubiri, unaangalia watu na watu wanakuangalia. Miaka yote mimi hukaa hapo. Hata nikisafiri hakuna anayethubutu kukikalia.

Basi nikatembea. Nikapita mabenchi ya jamaa. Nikafika kwa jeneza, nikaligusa kidogo, nikamwambia Wekesa nimefika. Nikapanda ngazi. Na hapo juu, kiti! Mbao nzito, kimechongwa, mto mwekundu, kiko peke yake kama kinaningoja. Nikajiambia, huyu Mama Nanjala ana heshima, amepanga mambo.

Nikakaa. (Kiti kizuri sana, hilo sitalikana.)

Kwaya wakaanza kunitazama. Nikawaitikia kwa kichwa. Yule mama wa mshipi akanipungia mkono kutoka mlangoni, kwa nguvu, mikono yote miwili. Nami nikampungia. Watu wa Nakuru ni wakarimu, nikafikiri.

Kengele ikalia. Kanisa zima likasimama. Haki ya Mungu nilidhani wamenisimamia mimi, mgeni kutoka Nairobi! Nikaona si vizuri kujivuna kwa matanga ya mtu. Nikainua mkono.

"Kaeni, kaeni tu."

Nyanya wawili wa benchi la kwanza wakakaa.

Kumbe kuna msafara unaingia. Moshi wa ubani, mapadri kwa mstari, na mwisho kabisa askofu, kofia ndefu, fimbo ndefu kuliko yangu. Akapanda ngazi pole pole, akasimama mbele yangu. Wimbo ukafia kooni mwa kwaya.

"Tumsifu Yesu Kristo, mzee," akasema kwa sauti ya chini.

"Milele na amina!" nikajibu kwa sauti, ajue nami ni mtu wa kanisa. "Karibu, Baba Askofu. Tafuta mahali ukae."

Kumbe mbele ya kile kiti kuna kipaza sauti. Kimewashwa.

Askofu akaniinamia. "Ningekaa, mzee wangu. Lakini hapa nina kiti kimoja tu, na wewe umeshanipashia moto."

Woi! Kanisa likalipuka. Mtoto wa Wekesa, padri mzima, alificha uso kwa kitabu cha misa, mabega yanacheza. Nikashuka zile ngazi jasho likinitoka mpaka kwa soksi. Na benchi la mbele nikamsikia kaka ya marehemu, mwalimu mstaafu, akimwambia mke wake, "Si nilikuambia? Hao ndio marafiki wa Kibera."

Hilo lilinichoma kuliko kicheko. Mama Nanjala akanivuta nikae kando yake, kitambaa mdomoni.

"Nisamehe, Mama. Tafuta mwingine aongee."

"Mwingine nani? Usipoongea, watu watarudi nyumbani na hadithi ya kiti peke yake."

Wakati wa risala ukafika. Mfawidhi wa shughuli, kijana mwenye mdomo, akasema, "Sasa tumwite rafiki wa marehemu, ambaye asubuhi alikuwa askofu wetu kwa muda." Vicheko tena. Nikashika kipaza sauti.

"Nichekeni, ni haki yenu," nikasema. "Lakini niwaambie juu ya huyu mnayesema alipotea. Moto ulipochoma nyumba zetu Lindi, kila mtu alitafuta chake. Wekesa alishika msumeno. Aliwatengenezea majirani vitanda, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mke wake yuko hapa, ni shahidi. Wao wenyewe walilala chini kwa gunia, kwa sababu zamu yake aliiweka mwisho. Kama huko ni kupotea, basi tupotee wengi."

Hakuna aliyecheka. Mama Nanjala akainua kichwa, akawageukia shemeji zake mmoja mmoja.

Kaburini yule mwalimu mstaafu akanifuata. Akanishika mkono, hakuuachilia haraka.

"Ndugu yangu hakuwahi kutuambia hayo," akasema. Kisha akajikaza asicheke. "Asante sana, Baba Askofu."

Basi zima limeniita hivyo mpaka Nairobi. Kuna mama alitaka nimbarikie maandazi.

Nawaomba msicheke. Tulienda kuzika mtu mmoja tukazika wawili, na huyu wa pili kesho lazima apite kwa majirani aende dukani kununua maziwa.