Kengele Isiyolia ya Kitanda Namba Saba

Kama dunia ingekuwa na mashindano ya kufuata viwango, Bwana Viwango angebeba kombe, angebeba na meza iliyowekewa kombe, kisha angewaandikia waandaaji barua ya kuwaonya kwamba meza yao ina mguu mmoja mfupi! Maneno hayo hakuyasema jirani wala shabiki. Aliyasema mwenyewe, asubuhi ya ukaguzi, mbele ya wafanyakazi saba waliokuwa wamepangwa mstari kwenye ukumbi wa makao ya wazee, wakipiga miayo ya adabu.

"Mimi kanuni hazinikimbizi. Mimi ndiye ninayezikimbiza!" alisema, akiipapasa tai yake.

"Na mwaka jana zilikuwa zimekimbilia wapi, bosi?" aliuliza Sista, muuguzi mkuu, kwa upole kabisa.

Mwaka jana makao yalishindwa ukaguzi, na kila mtu alijua hesabu ilivyo: wakishindwa tena leo, leseni inafutwa, mlango unatiwa kufuli, na wazee kumi na wanane wanagawanywa huku na kule kama sufuria za mirathi. Wengine walikuwa wameishi pamoja hapo miaka tisa. Jambo hilo lilimkosesha raha Bwana Viwango, maana alikuwa na majivuno lakini roho mbaya hakuwa nayo. Tatizo lake ni kwamba akiogopa, hamuulizi mtu. Anatunga mpango.

Safari hii alitunga miwili.

Mpango wa kwanza ulihusu kengele. Ripoti ya mwaka jana ilisema kengele za vitandani zinalia mno na wahudumu wanachelewa kuitikia. Meneja mwingine angewahimiza wahudumu. Bwana Viwango alipanda juu ya kiti na koleo mkononi, akakata waya!

"Kengele isiyolia haina malalamiko," alijisemea, akashuka akiwa amejaa furaha.

Aliyeumia zaidi alikuwa bibi wa kitanda namba nane, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi Kengele. Huyu alibonyeza mara arobaini kwa siku. Dirisha lifunguliwe. Dirisha lifungwe. Ni saa ngapi sasa? Na mara nyingine alibonyeza ili tu uso wa mtu utokee mlangoni. Miguu yake ilikuwa imechoka, na kengele ndiyo iliyokuwa ikimtembelea.

"Mwanangu, kengele yangu imekufa," alimwambia Bwana Viwango jana yake.

"Haijafa, bibi. Inapumzika. Ukaguzi ukipita itaamka."

"Nimepiga kengele ya shule miaka thelathini na mmoja. Naijua iliyopumzika na naijua iliyouawa."

Mpango wa pili ulihusu karatasi. Kila kitanda kilining'inizwa karatasi ya huduma miguuni, ya kuandika kila baada ya saa mbili kama mzee amegeuzwa, amekunywa maji, na anaendeleaje. Sista alikuwa akiyaandika hayo kwenye daftari lake lililochakaa, jalada limetiwa gundi mara tatu, mwandiko kama kuku amepita. Bwana Viwango aliliona daftari lile akataka kulia. Akaamuru lifichwe. Kisha akakaa chini na kalamu ya bluu, akajaza karatasi zote kumi na nane kwa mwandiko wa kadi ya harusi, kuanzia alfajiri hadi jioni ya siku ya ukaguzi. Kila mstari ulisema vilevile, ila wa saa nane mchana uliongezewa chakula: "Amegeuzwa. Amekunywa maji. Anatabasamu." Hata yule babu wa kitanda namba tatu alitabasamishwa mara saba kwa siku moja, na huyo hajawahi kuonyesha jino tangu alipostaafu urefa wa mpira!

"Bosi," alisema Sista akiikodolea macho karatasi, "hii ya saa kumi na mbili jioni umeijuaje, na sasa hivi ni saa tatu asubuhi?"

"Huko ndiko kuona mbali, Sista! Haya, wote getini na maua. Mkaguzi anafika saa nne na nusu. Mtu asiinue hata kisigino mpaka nije mwenyewe."

"Wote? Na wazee je?"

"Dakika tano tu! Wazee hawatakimbia."

Sista akachukua maua yake. Leseni ilikuwa mikononi mwa mtu huyu, na siku ile haikuwa siku ya kugombana. Ilipokaribia saa nne, wakatoka.

Bwana Viwango alibaki akizungukazunguka vyumbani akinyoosha mapazia yaliyokuwa yamenyooka. Alipofika kitanda namba saba akasimama. Babu wa kitanda hicho alikuwa ameenda kumtembelea binti yake wiki ile. Na ni vyuma vya pembeni vya kitanda hichohicho vilivyoandikwa mwaka jana kwamba vinalegea, mtu anaweza kuanguka. Sasa vilikuwa vipya. Lakini je, vinashika? Mtu wa viwango hakisii, anapima.

Akavua viatu, akavisukuma chini ya kitanda. Akapanda, akalala chali, akavuta vyuma pande zote mbili. Kacha! Kacha! Akavitikisa. Havikucheza. Akavipiga teke. Wapi!

"Hata tembo haanguki hapa," alijipongeza.

Ndipo alipotaka kushuka. Komeo la vyuma vile lilikuwa nje, chini kabisa, kwa makusudi, ili mgonjwa asilifikie. Bwana Viwango akajipinda, akanyoosha mkono, akajipinda zaidi. Kiuno, ambacho hakikushirikishwa kwenye mpango, kikalia kra! kikagoma palepale. Hakuweza kukaa. Hakuweza kugeuka. Aliweza kutazama dari, na dari lilikuwa na buibui ambaye hakuwamo kwenye karatasi yoyote.

Akabonyeza kengele. Kimya. Akabonyeza tena, kwa ukali wa bosi. Kimya. Akabonyeza mara ya tatu, na hapo ndipo alipokumbuka koleo.

Kisha akasikia nyayo. Hazikutoka getini. Zilitoka upande wa jikoni, maana mkaguzi yule alikuwa mzoefu. Alijua geti hufagiliwa siku ya ukaguzi, lakini jikoni hakudanganyi. Tena alikuwa amewahi.

Bwana Viwango angeweza kusema ukweli. "Mama, mimi ni meneja, nimenasa." Maneno matano tu! Lakini kiburi kikamziba mdomo. Akavuta blanketi hadi kidevuni, tai ikafunikwa, ukabaki upara na macho mawili.

"Shikamoo, babu," alisema mkaguzi, mama mfupi mwenye mkoba mkubwa.

Bwana Viwango alikuwa na miaka arobaini na sita. Mkaguzi hakupungua hamsini na mitano.

"Ma... marahaba, mwanangu."

Mkaguzi akachukua karatasi ya miguuni. "Umri, miaka themanini na tisa," alisoma, akamtazama. Bwana Viwango akajikaza akisubiri kubishiwa. Mkaguzi akatikisa kichwa taratibu. "Naam, unaonekana."

Lile lilimwingia kuliko maumivu ya kiuno.

"Saa mbili asubuhi, amegeuzwa, amekunywa maji, anatabasamu. Kweli umekunywa maji, babu?"

"Mengi sana." Ulimi wake ulikuwa umekauka kwa woga, ukamshika kwenye kaakaa.

"Saa nane mchana, amekula chakula chote." Mkaguzi akatazama saa ya mkononi. "Sasa ni saa nne na robo. Chakula cha saa nane ulikula lini?"

"Sisi hapa... tunakula mapema."

"Na saa kumi na mbili jioni ulitabasamu?"

"Nilitabasamu sana, mwanangu. Ilikuwa jioni nzuri."

Mkaguzi akavuta kiti, akaketi, akatoa kalamu. "Basi tujaribu kitu kimoja. Kiwango kinasema kengele ikibonyezwa, mhudumu afike ndani ya dakika tano. Bonyeza, babu, tuhesabu pamoja."

Akabonyeza. Angefanyaje?

Dakika tano zikapita. Dakika kumi. Hapo vikombe vitatu vya chai ya asubuhi, alivyokunywa ili kujipa moyo, vikaanza kubisha hodi. Akabana miguu. Dakika kumi na tano. Jasho likamtoka. Kwa mara ya kwanza maishani Bwana Viwango akajua dakika moja ina urefu gani ukiwa umelala na kumngoja mtu ambaye haji. Akamfikiria Bibi Kengele na mara zake arobaini. Akaona haya, haya ya kweli.

Dakika ya ishirini mlango ukasukumwa kwa fimbo. Bibi Kengele huyo, amefuata sauti alizosikia kitanda cha jirani, hatua moja, pumziko, hatua nyingine. Akamwona aliye kitandani. Macho ya Bwana Viwango yakamwomba, yakamsihi, yakampigia magoti.

"Huyu bado mgeni," Bibi Kengele alimwambia mkaguzi. "Hajazoea. Na mimi siku za mwanzo nilidhani ukibonyeza mtu anakuja." Akamimina maji kwenye gilasi, akamshikia kichwa, akamnywesha polepole. "Kunywa, mwanangu. Unahitaji nini kingine?"

"Kukojoa," alinong'ona Bwana Viwango.

Bibi Kengele akainua fimbo, akaipigiza trei ya chuma kwa mapigo ambayo zamani yalikuwa yakirudisha wanafunzi mia sita darasani. Nyumba ikatetemeka! Sista akaja mbio kutoka getini, maua mkononi.

"Bosi! Sisi tunaungua jua tunakusubiri, kumbe wewe umelala?"

Mkaguzi akalivuta blanketi kwa kidole kimoja. Tai ikatokeza.

"Nilikuwa nashangaa," alisema, "jinsi viatu vya mtu wa kulala kitandani vinavyong'aa. Sasa niambieni. Karatasi hizi ni za uongo. Nikiandika hivyo, kwaheri leseni. Kuna mtu yeyote anayewageuza wazee hawa kweli?"

Sista akamtazama bosi wake. Bwana Viwango akafumba macho.

"Lete daftari, Sista," alisema. "Mama, karatasi ni zangu, nimezitunga mimi. Na kengele nimezikata mimi. Kazi ya kweli iko kwenye daftari lake. Niandike mimi, usiwatawanye wazee."

Mkaguzi alilifungua daftari, akasoma ule mwandiko wa kuku ukurasa kwa ukurasa, kisha akaenda kitanda hadi kitanda akikagua migongo na visigino. Hakuona kidonda hata kimoja. Babu refa alimwambia bila kutabasamu kwamba huduma ni nzuri ila meneja apewe kadi nyekundu. Hatimaye akarudi, akaisoma ripoti kwa sauti, pale pale mbele ya mgonjwa.

"Wazee kumi na saba waliokuwepo wanatunzwa vizuri. Leseni inaendelea. Daftari la muuguzi ndilo litumike. Kengele zilie kabla ya jua kuzama. Aidha, mzee mmoja, wa kitanda namba saba, alitelekezwa kwa dakika ishirini na mbili. Meneja achukuliwe hatua."

Sista akaangua kicheko huku akifungua komeo. Wahudumu wawili wakamshika bosi wao begani na nyongani, wakamgeuza ubavu kwa utaratibu wote wa kitabuni, wakamletea kopo, wakavuta pazia.

Bibi Kengele akaomba kalamu. Akakifuta kile kimbelembele chote cha wino wa bluu kwa mstari mmoja mnyoofu, akaandika chini yake kwa mwandiko wa ubaoni:

"Saa tano na nusu. Amegeuzwa. Amekunywa maji. Amekojoa. Hatabasamu."