Yah: Kuku wa Zege, na Maneno Yasiyofaa Kuchongwa kwenye Kaburi la Baba

Baba Mdogo mheshimiwa,

Shikamoo. Sikuulizi hali, kwa kuwa juzi kwenye simu ulinieleza habari za goti lako kwa kirefu, na sijapata kusikia goti lililopona kwa kuulizwa. Mimi na Mama hatujambo. Tumepanga kwenye nyumba ya wageni iliyo juu ya gereji. Chumba changu kina kitanda, kiti kisicho na mgongo, na dirisha linalotazama rundo la matairi. Mama yuko chini, amekalishwa kwenye siti iliyong'olewa kwenye gari la mtu, anamsimulia fundi habari za marehemu. Fundi ameacha kufanya kazi.

Naandika kukuomba jambo moja: umsimamishe mchonga mawe, leo hii, kabla hajagusa jiwe la Baba.

Kwenye kikao cha familia wewe ndiye uliyesimama ukapendekeza kaburini paandikwe "Aliona Mengi". Shangazi alilia, binamu zangu walilia, na mimi, sifichi, nililia. Tatizo ni kwamba sasa nimekwenda kuyaangalia hayo mengi. Mama alisema jiwe halisimami kabla hajaona kwa macho yake vitu alivyosimuliwa na mumewe miaka yote aliyoendesha lori, wewe ukiwa utingo wake na shahidi wake. Nikachukua likizo. Kazi yangu unaijua: mimi ni mkaguzi wa mizani na vipimo, yule ambaye akiingia sokoni muuza nyama anakumbuka ghafla kuondoa kidole kwenye mizani. Nilisafiri na futikamba yangu ya kazini. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuku. Baba alitulea tukiamini kwamba pale njia panda kuna kuku wa zege mkubwa kuliko nyumba, kwamba madereva huegesha malori kivulini mwake, na kwamba nyuma yake kuna mayai ambayo huwezi kuyapanda bila ngazi. Nikiwa darasa la pili niliisimulia habari hiyo shuleni. Mwalimu aliwaacha wenzangu wanicheke mpaka waridhike, kisha akanichapa kwa uongo. Nilirudi nyumbani nalia. Wewe, Baba Mdogo, ulikuwa sebuleni kwetu na kikombe cha chai mkononi, ukasema mwalimu huyo hajatembea, na kwamba wewe mwenyewe umewahi kulala chini ya kuku huyo mvua ikinyesha na usilowe.

Nimempima. Ananifika kiunoni. Ili ulale chini yake bila kulowa, kwa heshima zote, ilibidi uwe yai. Na hata hilo lisingewezekana, maana ni jogoo. Mdomo umekatika, na mkia umeungwa kwa mshikio wa ndoo. Mama alimzunguka taratibu, mkoba begani, akasema amepungua kwa jua na mvua. Kisha akaniamuru nilale chini nimpige picha kutokea huko, ili kuku aonekane kama marehemu alivyomwona. Nililala kifudifudi kando ya barabara kuu, mtumishi wa umma mwenye kitambulisho shingoni, na basi zima la abiria likanipigia honi.

2. Nyumba ya chupa. Hii ndiyo ile iliyojengwa yote kwa chupa, ambayo upepo ukivuma inaimba, hata mwenye nyumba akakosa usingizi akaamua kuipangisha kwa viziwi. Ni choo. Ni choo cha baa, kina ukuta mmoja wa chupa na kuta tatu za mabati, na mama mwenye baa amekiwekea kibao chenye mshale. Hakikuimba. Mama alisema ni kwa sababu upepo umetulia, akanitaka nipulize. Sijui nilipatwa na nini, nikapuliza. Aliyekuwa ndani akagonga ukuta akauliza huko nje kuna shida gani, nikamjibu kwamba ni ukaguzi.

3. Katikati ya dunia. Baba alisema kuna mahali ukisimama, mguu mmoja huku na mwingine kule, unasikia tumbo likigawanyika kama kitambaa mkononi mwa fundi cherehani. Mahali hapo ni mbele ya kibanda cha muuza chai, ambaye amepiga mstari wa rangi nyeupe chini na kuandika ubaoni kwamba hapa ndipo dunia inapogawanyika. Nilimuuliza nani aliyepima. Alinijibu, bila aibu hata chembe, kwamba zamani mstari ulikuwa ng'ambo, lakini barabara ilipopanuliwa magari yakakosa pa kusimama, basi akaihamishia katikati ya dunia upande huu wenye maegesho. Nilitoa kitambulisho ili nimchukulie hatua kwa kipimo cha uongo. Mama akaniambia niache kumwaibisha mbele za watu, akavua viatu, akasimama mguu huku na mguu kule, akafumba macho. Alisema amesikia. Mimi nilisikia njaa tu.

4. Mamba. Hapa ndipo uvumilivu wangu ulipokwisha. Kila mjukuu katika ukoo huu anajua kwamba nyuma ya kituo kimoja cha mafuta kuna bwawa, na ndani yake kuna mamba aliyemeza baiskeli, na mvua ikikaribia unasikia kengele ya baiskeli ikilia tumboni mwake. Tulifika. Maji yalikuwa ya kijani, mamba haonekani, lakini kengele ililia. Mama alinishika mkono. Mimi nikazunguka ukuta, nikamkuta mlinzi wa kituo amekaa kwenye kreti la soda, kengele mkononi.

Mamba alikufa zamani. Mlinzi alikiri bila kuhangaika, akaniuliza kama nina moyo wa kuwaambia hivyo watu waliotoka mbali na watoto wao. Nilipombana aseme nani aliyeanzisha uongo huu, akasema ni dereva mmoja wa lori, mtu wa maneno mengi, aliyepita hapo wakati mamba bado mzima lakini hana lolote la ajabu, amelala tu kama gogo, wageni wanamtazama na kuondoka. Dereva akamhurumia mlinzi. Akamletea kengele na akamfundisha la kusema. Alikuwa na utingo mwenye kucheka sana.

Kwa hiyo, Baba Mdogo, Baba hakuona. Baba alitengeneza. Nilimweleza mlinzi kwamba dereva huyo ni marehemu sasa. Aliiweka kengele chini, akafuta uso kwa kofia. Na Mama, ambaye alikuwa amenifuata na kusikia yote, alicheka. Tangu mazishi hajacheka hata mara moja, ulimwona mwenyewe, hata chakula tulikuwa tunamlisha kwa kumbembeleza. Amesubiri miezi yote hiyo ili aje acheke kwenye tukio la udanganyifu, mbele ya mkaguzi.

5. Wewe. Ulikuwepo kwenye yote.

Kutokana na hayo naomba, kwa unyenyekevu, kwamba kikao kiitishwe upya na usimame uzifute simulizi hizo moja baada ya nyingine, ukianza na kuku. Pili, wajukuu wote waarifiwe. Uanze na binti yangu, ambaye naye ameisimulia habari ya kuku shuleni. Mwalimu wake, tofauti na wangu, alimwambia amchore kuku huyo, kisha akaibandika picha ukutani, kwa hiyo sasa darasa zima limeharibika. Tatu, mwalimu wangu wa darasa la pili, kama yu hai, aombwe radhi na familia. Alinichapa kwa haki, na nimemchukia bure mpaka nimeota mvi. Nne, na hili ndilo kubwa, maneno ya kaburini yabadilishwe yasomeke "Aliona Machache, Akayakuza". Mchonga mawe akilalamika kwamba nafasi haitoshi, apunguze herufi. Kupunguza ndiko hasa tunakokuhitaji katika ukoo huu.

Usidhani nina hasira. Nilimpenda Baba. Ila siwezi kushinda sokoni nawafungia watu vibanda kwa kudanganya nusu kilo, halafu nisimame kwenye kaburi la baba yangu mzazi mbele ya jiwe ninalojua uzito wake si sahihi.

Nisalimie Mama Mdogo na umwambie dawa yake ya kuchua nimeinunua. Wasalimie Shangazi, binamu wote pamoja na yule asiyepokea simu zangu, na jirani yenu mwenye mbwa. Mwambie mchonga mawe sina ugomvi naye binafsi.

Ni mimi mwanao, katika utii na kipimo kilichothibitishwa,

Mkaguzi

Baada ya sahihi: Nilikuwa nakunja barua hii binti yangu akapiga simu. Alitaka kujua habari za mamba tu. Nilikuwa nimejiandalia jibu fupi na la kweli. Nikajisikia namwambia kwamba kengele nimeisikia kwa masikio yangu mawili, kwamba mamba huyo ni mrefu kama lori na tela lake, kwamba siku hizi ameongeza na kofia ya mwenye baiskeli, na kwamba katika jambo hili babu yake alitupunja, maana alichotusimulia hakifiki hata nusu. Nilipogeuka Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakunisema. Alichukua simu akamwongezea mtoto habari za mkia.

Usimsimamishe mchonga mawe. Aendelee na maneno yale yale uliyopendekeza, na herufi zake zisipungue. Sisi tutachelewa kurudi, kwa sababu Mama anasema kuna daraja ambalo wewe na Baba mlilivuka kinyumenyume, gia za mbele zikiwa zimekufa, na tunaondoka kwenda huko sasa hivi. Hakumbuki lilikuwa refu kiasi gani. Nitumie ujumbe, Baba Mdogo, na tafadhali usipunguze.