Chupa Moja ya Maji ya Mto na Vita vya Rafu ya Friji

Jongeeni, enyi mlioshiba na mnaopiga miayo, nyamazeni niwasimulie habari za Mpima Maji, binti wa chuma, mshika vichupa asiyetetereka, na vita alivyopigana kwenye rafu ya katikati ya friji ya ofisi!

Asubuhi ile shujaa alishuka ukingoni mwa mto mkubwa, akazama matopeni hadi magotini, akateka chupa moja pale unapomwaga mtaro wa mbolea wa Shamba Kubwa. Jioni majibu yangesomwa mbele ya Mwenye Shamba. Maji yakiwa machafu, mtaro unafungwa. Yakiwa safi, unaendelea kumwaga. Na huko chini, mto uendako, dada wa shujaa alikuwa akimkorogea mwanawe maziwa kwa maji hayohayo.

Akarudi ofisini, akafungua friji. Lo! Jeshi la soda limejipanga ukuta hadi ukuta, na mbele yake kasimama Meneja, Simba wa Kiyoyozi, mlinzi wa vinywaji vya wageni.

"Dada yangu," akanguruma, "tope lako haliingii humu! Liweke dirishani. Mto mkubwa ule, unajisafisha wenyewe. Si mlisema kuna vijidudu kwenye tope, vinakula naitrojeni ya mbolea, inageuka hewa, inapaa zake?"

"Vinakula, bosi, sikatai. Ila mto nao una tumbo. Ukilishwa kupita kiasi, unawatapikia wa chini. Na vijidudu hivyohivyo vimo humu chupani. Ikikaa juani vitakula mpaka jioni, tutapima maji ambayo mtoni hayapo!"

"Yatakuwa safi?"

"Safi kabisa. Ya uongo."

"Sasa si ndiyo heri?" Meneja akang'aa uso. "Wageni wafurahi, sisi twende nyumbani mapema."

Hapo, wasikilizaji, hata mimi msimulizi damu ilinichemka. Wangapi wamesifiwa kwa kuutunza mto, kumbe waliacha tu chupa juani!

Shujaa akauvamia ule ukuta. Akang'oa soda ya chungwa, akang'oa ya ndimu, safu nzima ikalala sakafuni. Akaiketisha chupa yake pajani mwa barafu, akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo hadi mashine ya kupimia ikawa tayari. Meneja alifoka, akaondoka, akarudi, akafoka tena. Kumsogeza hakuthubutu.

Jioni Mwenye Shamba alionja soda ya moto, akakunja uso. Akasikia kwamba naitrojeni imevuka kiwango, akaukunja zaidi.

"Haiwezekani. Maji yale ni safi, mimi nayajua."

Mpima Maji akafungua friji, akammiminia glasi ya yaliyobaki.

"Karibu, mzee. Yako baridi."

Mwenye Shamba akaitazama glasi. Akamtazama Meneja. Meneja akatazama dari. Mtaro ukafungwa siku ileile.

Na iandikwe katika tarehe za mataifa, isomwe kwa ngoma na baragumu: waheshimiwa wawili walishindwa na glasi moja, ambayo mtoto wa kule chini alikuwa akiimaliza kila asubuhi.