Mawe Matatu ya Wandondwe

Kwa heshima na taadhima, ninayo furaha kuutangazia umma wa Handeni na Korogwe kwamba Kamati ya Kuwaenzi Wandondwe, ambayo mimi ni katibu wake, imekamilisha kwa mafanikio makubwa ziara ya kutembelea kumbukumbu za watu hao mashuhuri.

Wandondwe walikuwa wafupi, wapole, na wenye vichwa viwili: kimoja cha kuwaza, kingine cha kuitikia. Historia yao haijaandikwa popote kwa kuwa hawakuwahi kuwepo, hali iliyochelewesha kidogo utafiti.

Tulianzia Handeni, kwenye Ikulu yao. Kwa macho ya mtu wa kawaida ni shimo la mhanga, yule mnyama mla mchwa. Mwenyekiti wetu, Bwana Muhidini, alivua kofia, wageni wote ishirini tuliowaongoza ziarani nao wakavua. Wenyeji hawakutoka. Kituo cha pili, kule Mkumbara, tukaona Kiti cha Enzi, ambacho kwa sasa kina umbo la rundo la kokoto lililoachwa na watengeneza barabara.

Kituo cha tatu kilikuwa Makuyuni, shambani kwa Bibi Chausiku. Hapo palikuwa na mawe matatu yenye masizi. Kanuni ya Nne ya Kamati iko wazi: Wandondwe walizika wafalme wao chini ya mawe matatu, kisha wakayapaka masizi kwa huzuni. Hatua hamsini kila upande ni marufuku kulima, kukaa wala kufanya shughuli yoyote.

Bibi Chausiku alikuwa ameshika jembe. Wingu lilikuwa limeshasimama juu ya milima.

“Shikamoo bibi,” alisema Mwenyekiti. “Hongera. Umelala na mfalme miaka yote hii.”

“Marahaba. Mume wangu asisikie.”

“Shamba hili sasa ni la taifa la Wandondwe. Weka jembe chini.”

“Mwanangu, hayo mafiga yangu. Napikia ugali nikija kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe.”

“Ndivyo wasemavyo wote wasio na utaalamu,” nilimfafanulia.

“Na mvua ikinyesha nipande wapi? Kichwani kwako?”

Mwenyekiti alimjulisha kwamba amri ya kulifunga shamba ingepigwa muhuri jioni ile ile, ofisini kwetu Masuguru. Bila muhuri amri si amri. Na sisi ni watu wa utaratibu. Bibi Chausiku akaomba lifti. Tukampa, maana Kamati ina moyo.

Tulipofika, hakuingia ofisini. Alizunguka nyuma ya jengo, kisha akawaita wageni wote waje waone. Palikuwa na mawe matatu. Yalikuwa meusi tititi. Juu yake palikuwa na karai, na nyuma ya karai alikuwepo Emiliana, mkaanga maandazi ya Kamati.

“Nimevumbua mfalme mwingine,” alisema Bibi Chausiku.

“Bibi, hayo ni mafiga ya Emiliana,” alisema Mwenyekiti.

“Ndivyo wasemavyo wote wasio na utaalamu.”

Wageni walianza kuvua kofia. Mmoja wao, mzee Simeo, mwalimu mstaafu, alihesabu hatua toka kwenye karai hadi mlangoni kwetu. Kumi na mbili.

Mwenyekiti alinitazama. Mimi nikaitazama Kanuni ya Nne, ambayo niliiandika mwenyewe kwa mkono huu. Haikuwa na pa kupenya. Tulitoka nje kwa unyenyekevu mkubwa, tukajipanga hatua ya hamsini na moja, karibu na banda la kuku la jirani.

“Sasa ipigeni muhuri amri ya shamba langu,” alisema Bibi Chausiku.

“Muhuri uko ndani,” nilisema.

“Kwenye kaburi?”

“Kwenye droo.”

“Basi mwacheni mfalme apumzike. Mimi nawahi mvua.”

Mahindi yake sasa yanafika kiunoni. Kamati inaendelea na kazi bandani, na kuku wanatoa ushirikiano wa kuridhisha. Emiliana amehamia ng'ambo ya barabara, ila mawe ameyaacha. Anasema anaogopa kumsumbua marehemu.

Ziara nazo hazijakoma. Kila Jumamosi Bibi Chausiku huwaleta wageni kwenye dirisha la ofisi yetu, wachungulie viti vitupu na mafaili yaliyopangwa vizuri.

“Hapa ndipo walipokaa,” huwaambia.

Juzi mama mmoja wa Handeni alimuuliza kama ni kweli walikuwa na vichwa viwili.

“Mama,” alisema Bibi Chausiku, akigeuka kututazama kule bandani, “tunakitafuta hata kimoja.”