Wafungwa Wawili Watafutiwa Kosa

Kamati Ndogo ya Usafi wa Jukwaa ya Wakongo wa Tottenham, London, ina fahari kuutangazia umma kwamba tamthilia ya Jumamosi, kuhusu wafungwa wa Wanazi, imeboreshwa kikamilifu. Mimi, Armelle, ndiye katibu. Nina diploma na mwandiko mzuri. Ujasiri wangu hautoshi hata kuomba nipitishiwe chumvi.

Kila Jumanne nafungua daftari, naandika mahudhurio, kisha namimina chai. Jumanne hiyo ya Januari 2004 nilikuwa kwenye kikombe cha tatu, mwenyekiti wetu, Papa Adolphe, alipoupiga mswada wa mchezo mezani.

"Binti, hawa wanaume wawili, Wanazi waliwafunga kwa nini?"

Nilijua. Luc, aliyeutunga mchezo, alikuwa amenieleza yote: walipendana, wakashonewa kifuani pembetatu ya rangi ya waridi, alama ya wanaume wanaopenda wanaume, wakafia kambini. Nikajibu kishujaa: "Sukari vijiko vingapi, Papa?"

"Walipendana," Luc akasema.

"Kama binamu," Papa akarekebisha. "Azimio namba moja."

Tatizo la kiutaratibu likajitokeza: Wanazi hawakumfunga mtu kwa ubinamu. Ikabidi kamati iwatafutie wafungwa kosa lingine.

"Wizi," Papa akapendekeza.

"Wakongo tuigize wezi mbele ya Waingereza?" Mama Emérence, makamu wake, akacheka. "Leta lingine."

"Ulevi."

"Basi kwaya yako nzima iko kambini, Papa."

"Hawakuwa na karatasi za ukaazi!"

Pale mezani hapakuwa na mtu ambaye hajawahi kupanga foleni Croydon, kwenye ofisi ya uhamiaji.

"Wewe ulikaa miaka sita bila karatasi," Mama Emérence akasema polepole. "Ulistahili kambi?"

Papa akasimama, mishipa ya shingo imemtoka. "Mimi nilimdhuru nani? Mtu hauawi kwa jinsi alivyo!"

Nikaandika. Kwa mujibu wa katiba ya kamati, ambayo Papa aliiandika mwenyewe, tamko la mwenyekiti akiwa amesimama ni azimio, na halijadiliwi.

"Azimio namba mbili," nikasoma. "Mtu hauawi kwa jinsi alivyo. Linafuta namba moja."

"Ah, binti! Pale nilikuwa najitetea mimi, si wao!"

Luc alikuwa ameshachukua koti lake aondoke, macho yamemwiva. Hapo nikasikia sauti fulani nyembamba ikizungumza, nikashangaa kuona ni yangu.

"Papa, walipendana kama mume na mke. Wakauawa kwa hilo tu. Kosa lao halipo, tusilitafute."