Dakika Nne za Bomba la Jikoni Kwetu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata paka wa jirani, ambaye kwa kawaida namwambia kila kitu. Nimefuta bomba la Dada Ramani. Dakika nne zote. Zimekwenda!

Nieleze kwa utaratibu. Tuko watatu, tunatengeneza filamu katika chumba kilicho juu ya duka la mshonaji. Dada Ramani huchora ramani ya kila kitu, hata ya mkoba wake. Fundi Saa hutengeneza saa na husikia mambo ambayo sisi wengine tunayapita. Mimi nimemaliza shule juzijuzi na natunza kadi ya kamera, kwa sababu eti mimi ni mwangalifu. Wote tuna usonji. Filamu inahusu dunia tunavyoisikia sisi wenyewe, si wanavyotusimulia madaktari. Kila mmoja ana kipande chake. Sheria ni moja tu: hakuna kukata kitu cha mtu bila mwenyewe kuwepo.

Kipande cha Dada Ramani ni bomba la jikoni kwetu. Matone matatu ya haraka, kimya, tone moja. Anasema ndiyo sauti pekee mjini isiyomgombeza.

Leo nimekisikiliza. Dakika ya pili kuna mvumo. Mmmmm, kama friji iliyopata mchumba. Ni mimi! Huwa navuma nikifurahi. Shuleni walinicheka miaka minne. Nilitaka kuondoa mvumo tu. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nikaijibu ndiyo, kwa adabu.

Nakala? Mtunza nakala ni mimi. Sikutunza.

Mpango: kesho narekodi upya, kimyakimya. Bomba liko kwetu. Shida iko wapi?

Jumanne, tarehe 4 Machi

Bomba halivuji!

Kumbe Mama aliona haya. Wageni walikuja na kamera, wakayapita makochi mapya, wakalipita kabati la vyombo, wakaenda kulipiga picha bomba bovu saa nzima. Akamwita Mjomba, ambaye ni fundi bomba, na ambaye kwa miaka mitatu alikuwa anakuja "wiki ijayo". Jana kaja. Kwa nini jana? Kaweka bomba jipya lenye mpini wa bluu. Mama analifungua na kulifunga bila sababu yoyote, anatabasamu.

Leo Mjomba kapita kulikagua; nikamuuliza, kwa ujanja, mtu akitaka bomba livuje afanyeje. Akanitazama sana. Akasema ana miaka ishirini katika kazi hii na swali hilo hajawahi kuulizwa. Akamuuliza Mama kama mpwa wake ana homa.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimelilegeza mwenyewe kwa spana ya Mjomba, aliyoisahau kwetu. Nilitaka matone matatu, kimya, tone moja. Nikapata mto. Maji yakafika sebuleni, yakasalimiana na makochi. Mama akampigia simu Mjomba, akaja mbio, bado anatafuna. Nikasema limejilegeza lenyewe. Akasema mabomba hayajilegezi, na spana yake haina miguu. Mama akasema, mwanangu, kama hutaki kuosha vyombo sema tu.

Naosha vyombo mwezi mzima.

Mpango wa pili: mrija. Nimesimama juu ya kiti, mkono nyuma ya pazia, nikidondosha maji mbele ya mdomo wa bomba. Tatu, kimya, moja. Dakika nne! Mkono umekufa ganzi. Lakini sikuvuma hata kidogo. Kazi safi. Pia nimeandika majibu kumi na manne ya maswali watakayoniuliza, na kuyakariri.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimewaonyesha wenzangu. Sekunde ya tatu, Dada Ramani kasema mpini ni wa bluu. Hilo si swali! Sikulitayarishia kitu. Nikatoa jibu namba sita, la hali ya hewa.

Fundi Saa akavua miwani. Akasema tone la nne linachelewa, na dakika ya tatu bomba limepumua. Bomba halipumui, mdogo wangu, akasema. Umefuta?

Hivyo tu! Watu wengine huzunguka kwanza, huanza na habari za nyumbani. Yeye: umefuta? Katika majibu yangu yote hakuna hata moja lililofaa. Nikasema ndiyo.

Dada Ramani akaweka karatasi nyekundu mezani. Kwetu sisi watatu maana yake ni: basi, sitaki maneno. Akachukua mkoba, akaondoka. Onyesho la filamu yetu ni Jumamosi.

Fundi Saa hakunigombeza. Alisema tu kwamba Dada Ramani alikuja mara tisa akaishia kukaa ngazini kabla hajathubutu kuingia chumbani, na kwamba sasa huenda asirudi. Afadhali angenigombeza.

Sikula. Vyombo niliosha.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Karudi! Hakunisalimu. Akakunjua mezani karatasi ndefu kama zulia la msikitini. Matone yote ya dakika nne, kila tone nukta moja, alivyoyachora siku ile jikoni kwetu. Akasema matone anayo, matone si kitu.

Ila dakika ya pili karatasi ilikuwa tupu. Nikauliza kwa nini. Akauambia ukuta kwamba hapo aliacha kuchora, kwa sababu kuna mtu alikuwa anavuma na yeye alitaka kumsikiliza. Bomba lilikuwa la kusindikiza tu. Kipande chake kilikuwa ule mvumo.

Uso wangu! Ungeweza kuchemshia chai.

Wakanipa kinasa sauti nivume upya. Nikashindwa. Nitafurahije kwa kuamriwa? Fundi Saa akafikiri, kisha akamwaga mbele yangu droo nzima ya skrubu za saa, ndogo kama ufuta, zote zimechanganyika. Akaniomba nizipange kwa ukubwa. Sijui nini kilitokea baadaye. Nilipoinua kichwa, skrubu zilikuwa zimepangwa, kamera ilikuwa imemaliza kutembea juu ya zile nukta, na nilikuwa nimevuma dakika sita.

Hawakukata kitu. Dada Ramani kasema nikifuta tena atachora ramani ya ujinga wangu, na atahitaji karatasi kubwa zaidi. Nadhani nimesamehewa.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Jana ukumbi wa maktaba ulijaa. Nukta zilitembea kwenye kitambaa cheupe, mvumo ukapanda. Hakuna aliyecheka. Hakuna! Mtu mmoja nyuma alianza kuvuma naye, taratibu.

Baadaye, wenzangu wakikunja nyaya, mtangazaji wa redio akanijia mlangoni. Akauliza nani yule anayevuma, anataka kumrekodi kwa ajili ya kipindi chake. Sasa, wiki hii imenifunza jambo: mtu akikuuliza, usizunguke, jibu moja kwa moja. Kwa hiyo nikamjibu moja kwa moja.

Nikasema ni Mama.

Mama alikuwa pale pale, amevaa viatu virefu. Akajinyoosha. Kisha akasema ndiyo, kwa kweli ni kipaji cha ukoo.

Mtangazaji anakuja kwetu Alhamisi. Mama anafanya mazoezi tangu asubuhi. Anasikika kama lori kwenye mlima. Lakini nina mpango! Yeye atafunga mdomo na kutikisa mabega, mimi nitakuwa chini ya meza, kitambaa kimeshuka mpaka sakafuni. Nimejipima, natosha nikikunja magoti. Fundi Saa hakosi kipindi hicho hata siku moja, ila hawezi kugundua. Kwenye redio sauti zote hufanana.

Wewe unayesoma hapa, tafadhali, haya yabaki kati yetu. Na ukikutana na Dada Ramani, hujui kusoma.